Umejibu "Amina", Lakini Utakuja?



Wapendwa vijana, leo naomba nianze kwa kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Kitubio nimeshafanya, msiwe na wasiwasi. Nalisimulia kwa sababu naona linatuhusu wengi, hasa sisi ambao maisha yetu ya Kanisa sasa yanapitia kwenye simu.

Nilikuwa kwenye mwaka wa uchungaji. Nimemaliza falsafa, kichwa kimejaa Aristotle na Thomas wa Akwino, nimetumwa parokiani kusaidia vijana. Katika Jumuiya mojawapo kulikuwa na bibi mjane anayeishi peke yake. Paa la chumba anacholala lilikuwa limeoza, na masika yalikuwa yanakaribia. Vijana tukakubaliana tutalitengeneza sisi. Paroko akatoa mabati manane yaliyobaki kwenye ujenzi wa kigango. Fundi mmoja wa Jumuiya akasema hatadai ufundi. Ikabaki kupanga siku tu.

Nikaandika kwenye grupu la vijana: "Wapendwa, Jumamosi tukutane kwa bibi kwa ajili ya paa. Tusikose. Mungu awabariki." Grupu lilikuwa na watu sitini na kitu. Ndani ya nusu saa simu ikajaa vidole gumba na mikono ya kuomba. "Amina Frateri." "Pamoja sana." "Ubarikiwe." Nikalala nikiwa na amani kabisa, nikijiona mchungaji hodari.

Jumamosi tulifika watatu.

Mabati yalikuwa stoo ya parokia, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda msibani. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Misumari kila mmoja alidhani mwenzake ananunua. Fundi naye hakuonekana. Yeye hana simu janja, ana kitochi, kwa hiyo kwenye grupu hayumo. Siku mbili kabla alikuwa amenitumia meseji: "Frt ni jmosi hii au ijayo?" Nami nikiwa mbioni nikamjibu: "Sawa fundi, ubarikiwe." Hebu lisome tena swali lake, halafu lisome jibu langu. Maskini, ikabidi achague mwenyewe, akachagua ijayo.

Kilichonikata maini zaidi ni sufuria. Bibi alisikia vijana wengi wanakuja, akaazima sufuria kubwa kwa jirani, akapika makande ya watu thelathini. Tukakaa watatu mbele ya sufuria ile, na chakula hakishuki. Jumapili usiku mvua ikanyesha, godoro lake likalowa, akahamia kwa jirani.

Nilipokwenda kumwomba msamaha hakunigombeza. Alisema tu: "Mjukuu wangu, mambo ya simu mimi siyajui. Niliambiwa mtakuja, nikapika."

Wana wawili

Fungua Injili ya Mathayo 21:28-32. Baba ana wana wawili na shamba la mizabibu. Anamwendea wa kwanza, anamtuma shambani. Kijana anakataa waziwazi, lakini baadaye moyo unamsuta, anakwenda. Baba anamwendea wa pili. Huyu anaitika kwa adabu zote, na shambani hafiki. Yesu anawauliza wakuu wa makuhani na wazee swali moja tu: ni yupi kati yao aliyetimiza alichotaka baba?

Mimi nilipousoma mfano huu baada ya Jumamosi ile, wazo la kwanza lilikuwa kuwahubiria vijana wangu. Nilitaka niwaambie, ninyi nyote ni yule mwana wa pili! Bahati nzuri nilinyamaza kwanza. Nikaamua kuwauliza mmoja mmoja, bila hasira: ulipobonyeza kile kidole gumba, ulikuwa unamaanisha nini?

Jamani, majibu yalinishangaza. Mmoja alisema, "Nilimaanisha nimeona ujumbe." Mwingine, "Nilimaanisha ni wazo zuri." Dada mmoja anayefanya kazi dukani Jumamosi zote akasema, "Nilimaanisha nawaombea, si unajua siku hiyo siwezi?" Na kijana mmoja akasema ukweli ambao wengi tunauficha: "Niliona watu ni wengi, nikajua mimi sitahitajika."

Alama moja, maana nne. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyesoma "nitakuja" mahali ambapo hakuna aliyeandika "nitakuja".

Maneno yanayofanya kazi

Hapa niruhusuni nitumie kidogo ile falsafa niliyosomeshwa kwa sadaka zenu. Chuo Kikuu cha Oxford kulikuwa na mwanafalsafa aitwaye J. L. Austin. Alifariki mwaka 1960, na mwaka 1962 mihadhara yake ikatolewa kama kitabu. Hoja yake kubwa ni kwamba maneno hayafanyi kazi ya kutoa taarifa peke yake. Kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Ukisema "naahidi", hujaeleza habari ya ahadi iliyoko mahali fulani. Umeiweka ahadi pale pale. Sisi Wakatoliki hatuhitaji kusukumwa sana kuelewa hilo. Padre anapomimina maji na kusema "Nakubatiza", hatoi tangazo. Kuna jambo linatendeka. Bwana na bibi arusi wanapokubaliana mbele ya altare, wanatoka pale wakiwa watu wengine.

Sasa, kuna mtu aliyechukua wazo hilo akaliingiza kwenye kompyuta. Anaitwa Fernando Flores, wa nchi ya Chile. Alikuwa waziri katika serikali ya Rais Salvador Allende, na baada ya mapinduzi ya Septemba 1973 alifungwa gerezani miaka mitatu. Alipoachiwa alikwenda California, akasoma falsafa, na mwaka 1986 yeye na Terry Winograd wa Chuo Kikuu cha Stanford wakatoa kitabu kuhusu kompyuta na namna binadamu wanavyoelewana. Swali lao lilikuwa hivi: watu wanapofanya kazi pamoja, hasa wanafanya nini? Wengi tungejibu kwamba wanapeana taarifa. Wao walisema wanaombana na kuahidiana. Kazi ya pamoja ni mnyororo wa maombi na ahadi: mmoja anaomba, mwingine anakubali au anakataa au anapendekeza vingine, anayekubali anatekeleza, kisha aliyeomba anathibitisha kwamba limekamilika.

Angalia Jumamosi yangu kwa jicho hilo. Mimi nilitoa tangazo nikadhani nimetoa ombi. Wao wakatoa baraka, nami nikadhani wametoa ahadi. Taarifa ilisambaa vizuri sana. Ahadi haikuwepo hata moja.

Flores na Winograd walitengeneza pia programu iliyoitwa The Coordinator. Ndani yake, kabla hujatuma ujumbe kwa mwenzako, unatakiwa kuonyesha kama hilo ni ombi, ni ahadi, au ni kitu kingine. Wazo zuri, si ndiyo? Lakini wapo watumiaji waliolalamika kwamba inawabana, inawafanya waongee kama wako kwenye gwaride. Mtafiti Lucy Suchman naye akaikosoa kwa hoja nzito: kumlazimisha mtu kupanga maneno yake katika visanduku ulivyomchagulia wewe ni njia ya kumtawala. Mimi nachukua funzo la pande zote mbili. Chombo kizuri kinaweza kukukumbusha kwamba uliahidi. Uaminifu wenyewe hakiwezi kukupa. Huo unatoka moyoni, na unajengwa kwa neema na mazoezi.

Tiki mbili za bluu

Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili, Herbert Clark na Susan Brennan, waliandika kuhusu kitu ambacho kwa Kiswahili naweza kukiita kujenga msingi wa pamoja. Walisema mazungumzo hayaishii pale mmoja anaposema na mwingine anaposikia. Yanahitaji wote wawili wapate ushahidi wa kutosha kwamba wameelewana. Tukiwa uso kwa uso ushahidi ni mwingi: unatikisa kichwa, unasema "enhe", unakunja uso, unauliza. Tukiandikiana, ushahidi huo unapungua, kwa hiyo inabidi tuutafute kwa makusudi.

WhatsApp inakupa tiki. Tiki mbili za bluu maana yake ujumbe umefunguliwa, basi. Hazikuambii kama umeeleweka, au kama umekubaliwa. Kati ya "umefika" na "nimetenda" kuna safari ndefu: umefika, umesomwa, umeeleweka, umekubaliwa, umetekelezwa. Mimi nilisimama kwenye kituo cha pili nikadhani nimefika mwisho wa safari. Na fundi aliponiuliza swali, ambayo ndiyo njia yake ya kujenga huo msingi, nilimjibu kwa baraka. Ndugu zangu, kuna namna ya kutumia jina la Mungu kama kifuniko cha uvivu wetu. "Ubarikiwe" ni neno takatifu, lakini mtu akikuuliza siku, mpe siku kwanza. Baraka ifuate.

Mtakatifu Yakobo alishaliona hili (Yak 2:15-16). Anasema juu ya ndugu asiye na nguo wala chakula, halafu mmoja wetu anamuaga kwa maneno matamu, amtakie joto na shibe, asimpe kitu. Yakobo anauliza: inamfaa nini? Mikono yetu ya kuomba kwenye simu, kama haifuatwi na mikono hii yenye misumari na nyundo, itamfaa nini bibi mwenye godoro lililolowa?

Mzigo uko kwa nani?

Mwaka 1984, Irene Greif na Paul Cashman waliwakusanya wataalamu mbalimbali kutafakari jinsi kompyuta zinavyoweza kusaidia watu kufanya kazi kwa pamoja, na uwanja huo wa utafiti ukapata jina lake. Miaka minne baadaye, 1988, Jonathan Grudin akauliza kwa nini programu nyingi za namna hiyo zinashindwa. Sababu mojawapo aliyoitaja ni rahisi na inauma: mara nyingi anayebebeshwa kazi ya ziada siye anayepata faida. Mfano wake ni kalenda ya pamoja ya ofisi. Bosi anayeitisha mikutano ananufaika, lakini ili ifanye kazi, kila mtu aliye chini yake lazima ahangaike kujaza ratiba yake kila siku. Hawajazi. Programu inakufa.

Nikajiuliza: grupu letu linamrahisishia nani maisha? Mimi frateri, bila shaka. Nikibonyeza mara moja nimeongea na watu sitini. Je, fundi mwenye kitochi? Binti asiye na bando mpaka mwisho wa mwezi? Bibi mwenyewe? Hawa ndio waliobeba gharama ya urahisi wangu.

Kanisa la mwanzo lilikuwa na tatizo la aina hii, na ajabu ni kwamba nalo lilihusu wajane na chakula! Matendo ya Mitume 6:1-7. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliitisha jamii nzima, wakabadilisha mfumo: watu saba, wanaojulikana, wenye sifa njema, wakabidhiwe kazi hiyo. Na ukisoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Yaani kazi ya kurekebisha kasoro ilikabidhiwa kwa watu walio karibu na lugha ya waliosahauliwa. Kisha wakawekewa mikono. Kupanga kazi vizuri kuliunganishwa na sala. Hakukuonekana kuwa jambo la dunia lisilomhusu Roho Mtakatifu.

Wewe kijana unayesoma kompyuta, unayetengeneza programu ya michango ya kwaya au ratiba ya usomaji, kumbuka wale wajane. Kabla ya kupendezesha rangi, uliza: nani atasahauliwa na chombo hiki? Nani atachoka ili mwingine apumzike?

Barua, na watu wa kuipeleka

Mfano wa mwisho, ninaoupenda kuliko yote, uko Matendo 15. Kule Antiokia kulikuwa na mtafaruku mkubwa kuhusu tohara. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, wakaafikiana, wakaandika barua fupi na wazi. Barua ingetosha, sivyo? Lakini hawakuishia hapo. Walimchagua Yuda aitwaye Barsaba, na Sila, wafuatane na Paulo na Barnaba, ili wayaseme mambo yale yale kwa mdomo. Barua iliposomwa Antiokia watu walifurahi, na Yuda na Sila wakakaa nao kwa muda wakiwatia moyo.

Barua inasafiri mbali na haisahau neno. Mtu anaweza kuulizwa swali. Kanisa lilitumia vyote viwili, kila kimoja kwa kile kinachokiweza.

Na hii ndiyo njia ya Mungu mwenyewe. Alisema nasi kwa manabii kwa muda mrefu, lakini mwishowe Neno alitwaa mwili akakaa kwetu (Yn 1:14). Hati ya Kanisa ya mwaka 1971 kuhusu vyombo vya upashanaji habari, *Communio et Progressio*, inamtazama Kristo kama mwasiliani mkamilifu, na inafundisha kwamba kuwasiliana kwa kiwango cha ndani kabisa ni kujitoa nafsi kwa upendo. Ndiyo maana katika Ekaristi hatupewi ujumbe kuhusu Yesu. Tunapewa Yesu.

Basi simu ni zawadi, tusiidharau. Ila kila ujumbe wa Mkristo unapaswa kuwa njiani kuelekea kutwaa mwili. Mwisho wake uwe mtu aliyefika mlangoni.

Tulivyorudia

Paa lilipata kutengenezwa. Safari hii nilimfuata fundi kwa miguu, tukataja tarehe, naye akaitaja tena kwa mdomo wake. Kazi tukazigawa kwa majina: wa misumari mmoja, wa mabati na ufunguo mmoja, wa ngazi mmoja, wa kumchukua fundi kwa bodaboda mmoja. Kwenye grupu nikaomba watu wasijibu "Amina", wajibu "nitakuja" au "sitaweza". Waliosema nitakuja walikuwa tisa. Tisa tu kati ya sitini! Na tisa wakaja. Dada wa dukani alijibu "sitaweza", akatuma hela ya misumari. Ile "sitaweza" ilinifurahisha kuliko vidole gumba vyote vya mwanzo, kwa sababu niliweza kuiamini.

Bibi alipika tena. Safari hii sufuria iliisha.

Kwa hiyo wiki hii jaribu mambo manne:

1. Ukiomba msaada, taja nani, nini, lini na wapi. "Tusikose" si ombi, ni kelele.
2. Ukiombwa, jibu kwa neno linaloweza kukufunga. Yesu anatufundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu ibaki kuwa ndiyo, na siyo ibaki siyo. Kukataa kwa ukweli ni heshima kwa mwenzako.
3. Ukiulizwa swali, jibu swali hilo.
4. Kabla ya kufunga mpango wowote wa kikundi, tafuta mmoja ambaye hayumo kwenye grupu, mpigie au mtembelee.

Na swali la dhamiri kabla ya kulala leo: ni nani amepika, anakusubiri, kwa sababu ya neno ulilotuma?

*Tusali.* Ee Yesu, Neno wa Baba, uliahidi ukaja, ukafika hadi msalabani. Utuponye na maneno mepesi. Utupe ujasiri wa kusema hapana kwa ukweli na ndiyo kwa uaminifu. Uwakumbuke wote tuliowaahidi tukawasahau, na utuonyeshe mlango wa kuanzia. Mama Maria, uliyeitika neno la malaika ukaliishi maisha yako yote, utuombee. Amina.

Na ukisema Amina hiyo, ndugu yangu, ujue sasa umejibu nini.

Ni mimi ndugu yenu, Frateri. Tumwombe Mungu atulinde, na mniombee safari yangu ya wito.